Waya Umeondoka, Namba Imebaki

Chukua barua ya ofisi yoyote kubwa, ya serikali au ya kampuni, uitazame sehemu ya juu. Utakuta anwani ya posta, namba ya simu, siku hizi barua pepe na tovuti, na katikati yake, kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni, utakuta neno "Nukushi" au "Faksi" pamoja na namba yake. Mimi nina mazoea, ambayo mke wangu huyaita ukorofi wa uzeeni, ya kuzipigia namba hizo. Si zote; moja moja, nipatapo barua na salio likiwepo. Nyingine haziiti kabisa. Nyingine hupokelewa na binti wa mapokezi, naye hushangaa kuulizwa habari za faksi. Na chache, ambazo ndizo zilizonifanya nishike kalamu, huita, zikapokea, zikalia ule mlio mkali tunaoujua, nawe ukaamini kwamba mashine ipo, karatasi imo, na shauri lako litafika.

Dai langu ni fupi na nitalisema mapema ili asiyependa afunue ukurasa mwingine. Ofisi iliyokwisha kuziacha simu za waya na kuhamia simu za intaneti haina haki ya kuendelea kutangaza namba ya faksi kwa mazoea tu, sembuse kumlazimisha mtu kuitumia. Kama bado inaihitaji, basi iiunganishe inavyotakiwa, iijaribu kila wiki, na amteue mtu wa kuijibia. Kama haiko tayari kufanya hivyo, ifute namba hiyo. Kukaa katikati ni kuwadanganya watu, na wanaolipa gharama ya udanganyifu huo si wakubwa wa ofisi.

Mtu asije akaniambia kwamba nina chuki na mashine. Nilikuwa Mkuu wa Chuo cha Ualimu faksi ilipoletwa kwetu, katikati ya miaka ya 1990, na nakumbuka vizuri tulikotoka. Kabla yake habari ya haraka ilikuja kwa njia tatu. Kulikuwa na telegramu, iliyolipiwa kwa kuhesabu maneno, hata kila mtu akaandika kama mwenye kigugumizi. Kulikuwa na simu ya kupitia kwa opereta, ambayo ungeweza kuiomba asubuhi ukaipata wakati wa chakula cha mchana. Na kulikuwa na redio koli ya ofisi ya mkoa, iliyotulazimu kuifuata kwa lori la chuo, kama lori lina dizeli. Orodha ya wanachuo waliochaguliwa kujiunga nasi ilikuja kwa basi, ndani ya bahasha, mkononi mwa kondakta. Mwaka mmoja bahasha hiyo ilipitishwa kituo chetu, ikaenda kulala mji wa mbele siku nne, na wanachuo wakaanza kufika na masanduku yao kabla hatujajua ni akina nani.

Kwa hiyo faksi ilipokuja tuliipokea kama mfalme. Iliwekwa ofisini kwangu juu ya meza yake peke yake, na katibu muhtasi akaifunika kwa kitambaa cha kufuma. Orodha ya majina zaidi ya 200 ilitoka pale mbele ya macho yetu, na wakufunzi wakaja kuitazama mmoja mmoja kama watu wanaotazama kuku akitotoa. Kasoro yake tuliijua mapema. Karatasi yake ilikuwa ya joto, isiyotumia wino, na haipatani na jua. Tuliibandika orodha ya kwanza kwenye ubao wa matangazo, ukuta wa magharibi, na kabla ya nusu ya muhula majina yalikuwa yamefifia kama ahadi za uchaguzi. Tangu siku hiyo kila faksi ilitolewa nakala kabla ya kuingia kwenye jalada. Lakini nani angelalamika? Jambo lililochukua wiki lilichukua dakika.

Sasa, mwalimu hawezi kuupita mtambo bila kuuliza unafanyaje kazi, na katika shauri hili ni lazima tuulize, maana hapo ndipo ubishi wote ulipo.

Faksi huisoma karatasi kama mtoto anavyosoma kwa kidole, mstari baada ya mstari, ila mistari yake ni myembamba mno: kwa ubora wa kawaida karibu mistari 4 katika kila milimita, na kila mstari una nukta 1,728 kutoka ukingo hadi ukingo. Kila nukta ama ni nyeusi ama ni nyeupe. Habari hizo za weusi na weupe hufupishwa, kisha hugeuzwa kuwa mlio, kwa sababu simu ilitengenezwa ipitishe sauti na haikujua kubeba kitu kingine. Mashine ya upande wa pili huusikiliza mlio na kuurudisha kuwa nukta. Ni imla, msomaji: mmoja anasoma, mwenzake anaandika. Kanuni zinazofuatwa na karibu mashine zote tulizozijua maofisini, zile za Kundi la 3, zilipitishwa kimataifa mwaka 1980, na zilitungwa kwa kudhani kwamba baina ya anayesoma na anayeandika kuna njia moja iliyofunguliwa kwa ajili yao tu, tangu simu inapopokelewa hadi inapokatwa.

Simu ya intaneti haina njia hiyo. Huichukua sauti, huikata vipande vidogo, mara nyingi vya milisekunde 20, yaani vipande 50 katika kila sekunde, na kila kipande hupewa anwani kikaachwa kisafiri chenyewe. Vingine huwahi, vingine huchelewa, vingine hupotea. Kwa watu wawili wanaozungumza si taabu kubwa. Silabi ikipotea sikio huijaza, na likishindwa mtu husema, "Unasemaje?" Faksi haina sikio la namna hiyo. Tupige hesabu. Faksi inayochukua dakika 5 ni vipande 15,000. Kikipotea kimoja katika kila 100, wazungumzaji huenda wasitambue lolote. Kwa faksi hayo ni matundu 150, na tundu moja likiangukia mahali pabaya latosha kuvuruga ukurasa au kukata simu. Ndiyo maana waraka wa ukurasa mmoja hupita na wa kurasa kumi hukwama, na mtumaji akabaki anajiuliza amefanya nini tofauti.

Tena kuna kubana. Sauti ya simu isiyobanwa hutumia biti 64,000 kwa sekunde. Ili kuokoa nafasi, kampuni nyingi zimetumia mitindo ya kubana, na mmojawapo ulioenea sana huishusha hadi 8,000. Kinachobaki ni kile ambacho koo la mwanadamu laweza kukitoa, kwa sababu hesabu zake zilitungwa kwa kufuata usemi wa mtu. Huyo ni mwanafunzi ambaye badala ya kuandika maneno ya imla anaandika muhtasari wake. Katika somo la historia atapata alama nzuri. Katika jedwali la hesabu atapata sifuri, na mlio wa faksi ni jedwali la hesabu tupu.

Mafundi hawakulala. Mwaka 1998 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu, ITU, lilitoa kanuni iitwayo T.38. Kwa kanuni hiyo, kifaa kilicho karibu na mashine yako huzitoa habari ndani ya mlio na kuzipeleka kama habari, si kama sauti. Na kila kipande huweza kubeba nakala ya kilichotangulia, ili kimoja kikipotea kingine kikifidie. Ng'ambo ya pili kifaa kingine huurudisha mlio. Ni kazi ya akili na naiheshimu. Ina sharti moja tu, kwamba wote walio njiani wakubaliane kuitumia. Simu inayotoka Iringa kwenda Ohio hupita mikononi mwa kampuni kadhaa, na ikiwa mojawapo haikuiwasha T.38, tumerudi kwenye mlio uliokatwakatwa. Mwenye mashine hana namna ya kujua. Anachokijua ni kwamba juzi ilikwenda na leo haikwenda. Wapo mafundi watakaokushauri upunguze mwendo wa mashine hadi biti 9,600, uzime kile chombo cha kuondoa mwangwi, ukatae kabisa kubanwa kwa sauti. Ushauri ni sahihi. Lakini niambie, ni ofisi ngapi zenye mtu wa kuyafanya hayo kwa ajili ya mashine inayolia mara mbili kwa mwezi?

Mwalimu mmoja niliyemfundisha alionja matunda ya jambo hili, na kwa ruhusa yake nalieleza bila kutaja majina. Alifundisha hapa nchini miaka 11, mingine akiwa mkufunzi chuoni petu baada ya mimi kustaafu. Kisha alimfuata mumewe Marekani, akasoma tena, akapata kazi ya kufundisha katika shule za huko. Kwa utaratibu wa mwajiri wake mpya, mshahara hupangwa kwa ngazi, na kila mwaka wa uzoefu una ngazi yake. Ila uthibitisho wa miaka hiyo ulitakiwa utoke moja kwa moja kwa mwajiri wa zamani, kwa posta au kwa faksi, kabla ya tarehe fulani. Usipitie mkononi mwake mwenyewe. Utaratibu huo siulaumu, maana hata mimi nimewahi kuletewa vyeti vilivyopikwa.

Tarehe ilikuwa karibu, posta ingechelewa, ikabaki faksi. Mkuu wa Chuo wa sasa, naye mwanafunzi wangu wa zamani, alijitahidi kwa moyo wote. Chuo kilikuwa kimekwisha kuhamia simu za intaneti, na mashine ya zamani imechomekwa kwenye kisanduku kidogo nyuma ya kabati. Hati zilikuwa kurasa 6. Mara ya kwanza zilikwenda 2, simu ikakatika. Mara ya pili ikaenda 1. Mara ya tatu, ikiwa ni usiku kwetu ili kuwawahi wao kazini, stakabadhi ya mashine ilisema zote 6 zimekwenda, na katibu muhtasi akashangilia. Kesho yake likaja jibu: ukurasa wa 4, wenye tarehe za kuajiriwa na kuacha kazi, una mkanda mweusi katikati na hausomeki, tuma tena. Zikatumwa tena, zikakwama tena. Mkuu wa Chuo akaomba azitume kwa barua pepe ya chuo, zikiwa na mhuri na sahihi yake. Akajibiwa kwa adabu kwamba utaratibu unataja posta na faksi tu.

Tarehe ikapita. Yule mwalimu aliwekwa ngazi ya chini kabisa, pamoja na vijana waliotoka chuoni mwaka huo, akabaki hapo mwaka mzima. Alinipigia simu. "Shikamoo Mwalimu," akasema, "miaka yangu yote imemezwa na mashine." Kisha akaniambia neno ambalo ndilo lililonikasirisha kuliko mengine yote. Alikuwa amekwenda kumwona karani anayehusika, akitumaini kuiona hiyo mashine kwa macho. Hakuna mashine. Faksi zao hupokelewa na kampuni ya huduma, zikageuzwa faili la PDF, zikaletwa kwa karani katika sanduku lake la barua pepe.

Hebu tuifuate safari hiyo hatua kwa hatua. Barua inaandikwa kwenye kompyuta. Inachapwa kwenye karatasi, inatiwa sahihi na mhuri. Karatasi inageuzwa nukta. Nukta zinageuzwa mlio. Mlio unakatwa vipande na kuvushwa bahari kwa intaneti. Vipande vinaunganishwa kuwa mlio, mlio kuwa nukta, nukta kuwa picha, na picha inaingia kwenye barua pepe ya karani, yule yule aliyekataa kuletewa barua pepe. Tumeuzunguka mbuyu mzima, tumeangusha nusu ya mzigo njiani, na tumerudi mahali tulipokataa kusimama. Kwa nini? Kwa sababu waraka wa utaratibu umeandika "faksi".

Watetezi wa faksi si wajinga, nao wana hoja. Ya kwanza ni usiri: husema faksi hutoka simu hadi simu bila kupita mahali pa kudokolewa. Palipokuwa na waya, hoja hiyo ilikuwa na uzito, ingawa tulioishi na mashine hizo tunajua kwamba karatasi ya siri ililala kwenye trei ikisomwa na kila aliyekuja kuazima kalamu. Juu ya intaneti hoja hiyo imekufa. Mwaka 2021 ofisi inayosimamia ulinzi wa taarifa za watu katika jimbo la Bremen, Ujerumani, ilisema wazi kwamba kwa kuwa simu sasa hupelekwa kwa pakiti za intaneti, na mtumaji hajui upande wa pili kuna nini, faksi haina usiri kuliko barua pepe isiyofungwa kwa fumbo. Ikaifananisha na kadi ya posta isiyo na bahasha. Wajerumani si watu wa kuacha mazoea ya ofisi kwa pupa. Wakisema hivyo, tuwasikilize.

Huko Japani mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoenea, ilionekana kwamba madaktari walikuwa wakiripoti wagonjwa kwa fomu zilizojazwa kwa mkono na kutumwa kwa faksi. Mwaka uliofuata waziri Taro Kono alitaka ofisi za serikali ziachane nayo, na ofisi nyingi zikaja juu zikitaja usiri na utaratibu wa mahakama. Uingereza nayo, nchi ya hospitali kubwa na watu wa taratibu, mwaka 2018 ilibainika kuwa hospitali zake za umma katika England zina mashine karibu 9,000. Desemba ya mwaka huo waziri wa afya akapiga marufuku kununua nyingine kuanzia Januari 2019, akataka zilizopo ziondoke ifikapo mwisho wa Machi 2020. Na mtandao wa zamani wa simu za waya wa nchi hiyo, uliopangwa kuzimwa Desemba 2025, ulisogezewa muda mwaka 2024 hadi Januari 2027. Muda huo uliongezwa zaidi kwa ajili ya wazee na wagonjwa wenye vifaa vya kuitia msaada vinavyotegemea simu. Faksi haikuwa na mtu wa kuililia.

Hoja ya pili ni sheria: eti sahihi iliyokuja kwa faksi inakubalika na iliyokuja kwa barua pepe haikubaliki. Kwetu Tanzania hoja hiyo haina mguu tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, inayotambua kumbukumbu za kielektroniki na sahihi za kielektroniki. Ukiitazama kwa makini, faksi yenyewe ni nini? Ni picha ya sahihi. Na picha iliyopigwa kwa skana ni picha ya sahihi hiyo hiyo, tena safi zaidi.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu, nami sitaki kuipita kwa mbio. Faksi ilitoa stakabadhi. Ukituma, mashine inatoa kijikaratasi: tarehe, saa, namba, kurasa, "sawa". Mwananchi aliweza kukibana kwenye jalada lake, na siku ofisi ikimwambia "hatujapokea" akakitoa. Barua pepe haina kitu cha namna hiyo. Unaituma inapotelea kwenye sanduku la mtu aliyehamishwa miaka mitatu iliyopita, nawe hujui. Ninaielewa hofu hiyo. Wanaotuhimiza tuhamie kwenye barua pepe bila kuijibu wanatutoa kwenye shimo na kututia kwenye handaki.

Lakini tuulize stakabadhi ile ilishuhudia nini. Ilishuhudia kwamba mashine imeongea na mashine. Zamani mashine hiyo ilikuwa juu ya meza ya ofisi uliyoikusudia, na kulikuwa na katibu muhtasi pembeni yake. Leo mashine inayokujibu yaweza kuwa kisanduku nyuma ya kabati, au seva ya kampuni iliyo nchi nyingine, na "sawa" yake maana yake ni kwamba seva imeridhika. Yule mwalimu wetu alikuwa na stakabadhi ya kurasa 6. Haikumsaidia senti moja.

Tulichokiamini hakikuwa kijikaratasi, kilikuwa masijala. Waliofanya kazi serikalini wanakumbuka daftari la dispachi. Tarishi alikwenda nalo ofisi hadi ofisi, na kila aliyepokea barua aliandika jina, tarehe na sahihi. Barua ikipotea hukuuliza mashine. Ulifungua daftari ukaona ni fulani, tarehe fulani, ukamwendea. Faksi ilikuta mpango huo ukiwa hai, ikapanda mgongoni mwake. Masijala zilipolegea na makarani wakapunguzwa, tuliendelea kuisifu mashine kwa uaminifu uliokuwa wa binadamu.

Na kuna jambo moja lisilosemwa. Wakubwa hawatumii faksi. Mkubwa akitaka hati kwa mkubwa mwenzake humpigia simu ya mkononi, na dakika hiyo hiyo hati inaingia kwa WhatsApp, bila mhuri, bila mtu kuuliza utaratibu unasemaje. Faksi imebaki kwa asiye na namba ya mtu: mjane anayefuatilia mirathi, mstaafu anayehakikiwa, mwalimu aliye ng'ambo anayeomba miaka yake ihesabiwe. Huyo ndiye anayeambiwa "tuma kwa faksi". Naye huenda steshenari, alipie kila ukurasa, na ikikwama alipie tena, maana mwenye steshenari hana kosa. Utaratibu ambao walioutunga hawaufuati huwa mlango wa kufungiwa watu nje, hata kama hakuna aliyeukusudia hivyo.

Baadhi ya vijana wangu wa zamani huniambia, "Mzee, faksi ni urithi, mbona unaipiga vita?" Urithi gani? Kutuma picha ya maandishi kwa waya ni jambo la kale kuliko simu yenyewe. Alexander Bain, Mskoti, alipata hataza ya mtambo wa namna hiyo mwaka 1843, na padri Giovanni Caselli wa Italia aliuona mtambo wake ukitoa huduma kati ya Paris na Lyon mwaka 1865, miaka 11 kabla ya Alexander Graham Bell kupata hataza ya simu mwaka 1876. Maandishi yalisafiri kwa waya wa telegrafu wakati huo. Yalipanda simu baadaye kwa sababu simu ndiyo iliyokuwa imeenea, yakakubali kugeuzwa mlio kwa shida ya usafiri tu. Leo kuna njia inayobeba picha kama picha. Kuendelea kuigeuza mlio ili ipite katika simu, na simu yenyewe igeuzwe intaneti, ni kumbebesha punda baiskeli.

Nakubali kwamba zipo mahali ambapo faksi ina haki ya kuishi. Penye waya wa shaba ambao bado unafanya kazi hadi eksichenji, sina ugomvi. Penye hospitali au benki iliyoweka T.38 tangu mlango wake hadi mlango wa wanayewasiliana naye, ikalipa fundi, ikapima, vilevile sina ugomvi. Wala mtu asiniletee habari za umeme, kwamba simu ya waya ilifanya kazi hata gizani. Simu, ndiyo, ilipata nguvu yake kutoka eksichenji. Mashine ya faksi ilichomekwa ukutani kama pasi, na umeme ulipokatika ilikufa pamoja na taa.

Kwa ofisi nyinginezo, ninachokitaka si kikubwa. Futeni namba ya faksi kwenye karatasi zenu kama hamwezi kusema ilijaribiwa lini. Mahali pake wekeni barua pepe ya masijala, si ya afisa, ili mtu akihamishwa isihame naye. Karani wa masijala awajibike kumjibu kila mtumaji ndani ya siku moja ya kazi, kwa namba ya kumbukumbu na jina lake mwenyewe: nimepokea, kurasa kadhaa, zinasomeka. Na mnapotaka hati itoke ofisi hadi ofisi bila kupitia kwa mhusika, jambo ambalo ni halali, pigieni simu ofisi iliyotuma, kwa namba mliyoitafuta wenyewe, mwulize kama hati ni yao. Simu ya intaneti kwa kazi hiyo inatosha kabisa. Ni sauti ya mtu, na ndiyo iliyotengenezewa.

Nilipoyaeleza haya kwa ofisa mmoja mstaafu tuliyekuwa tukisubiri kikao cha harusi, alisema kumlipa karani wa kujibu ni gharama. Nikamwambia ajumlishe bei ya mashine, wino, karatasi, kisanduku na malipo ya namba kwa mwezi, kisha aongeze nauli za wote walioambiwa warudi kesho. Hakujumlisha, tukaitwa ndani.

Limebaki jambo la mashine zenyewe na makaratasi yake. Mashine nyingi za miaka ya karibuni hutoa nakala na kuskani pia, kwa hiyo zisitupwe. Zichomolewe kwenye simu zitumike kwa hayo. Makaratasi ndiyo ya haraka. Katika majalada ya vyuo na shule zetu kuna faksi za miaka ya 1990 zilizochapwa kwenye karatasi ya joto na ambazo hazikutolewa nakala: barua za kupandishwa vyeo, orodha za waliochaguliwa, idhini za uhamisho. Nimefungua jalada moja la namna hiyo mwaka jana, kwa ruhusa, nikitafuta tarehe ya kuajiriwa ya mtu anayedai haki yake, na kwenye ukurasa niliouhitaji palikuwa na alama ya stepla, tundu mbili za faili, na rangi ya manjano. Walio na majalada hayo wayapitie mapema, wazitoe nakala hizo zikiwa bado zinasomeka, na wazitunze mbali na dirisha.